Fununu Haina Risiti

Migori ina wachimba dhahabu wa Macalder, wakulima wa miwa na tumbaku, wavusha bidhaa wa Isebania na wahubiri wenye vipaza sauti. Hao wote nimewazoea. Walionishinda ni hawa wapya, wataalamu wa hisa. Kinyozi wangu ni mtaalamu wa hisa. Kijana wa boda anayenipeleka stendi ni mtaalamu wa hisa. Juzi fundi viatu, misumari imemjaa mdomoni, alinieleza kwa kirefu kwa nini riba ya Marekani haitashuka. Nilitaka kumpinga, ila kiatu changu cha kushoto kilikuwa mateka wake.

Sina ugomvi na mtu kujua mambo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna hata mmoja anayekuambia habari ameitoa wapi. Ukimbana, anainamisha kichwa, anatazama kushoto na kulia, kisha ananong'ona: "Kuna mtu wa ndani."

Huyu mtu wa ndani simwelewi. Asubuhi yuko ndani ya Hazina ya Taifa jijini Nairobi. Mchana yuko ndani ya Safaricom. Usiku yuko ndani ya kampuni ya chipu huko California. Na katikati ya shughuli zote hizo anapata nafasi ya kumpigia kinyozi wa Migori! Mimi mwenyewe nikipiga simu kwa dalali wangu wa hisa, mtu ninayemlipa, napigiwa muziki mpaka salio linaisha.

Mambo yalichacha zaidi Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi lilipoondoa sharti la kununua kuanzia hisa 100. Sasa unaweza kununua hisa moja. Jambo zuri, silipingi. Ila zamani mtu alihitaji maelfu ya shilingi kabla hajaanza kutusumbua na ushauri. Siku hizi anahitaji nauli ya boda.

Kiongozi wa madhehebu haya ni shemeji yangu wa Homa Bay. Anauza nyavu na vifaa vya uvuvi karibu na gati, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuaminika: ukimuuliza bei ya kamba, anakuambia bei ya kamba. Kisha mtoto wake akamwekea kwenye simu programu ya kununulia hisa za Marekani, tena kwa vipande. Tangu siku hiyo ukimuuliza bei ya kamba anakuambia kwanza Nvidia imefungaje.

"Shemeji," nilimuuliza, "una hisa ngapi hasa?"

"Ninazo."

"Ngapi?"

"Si lazima iwe nzima, shemeji. Wazungu wameruhusu vipande."

Nikatazama ile simu. Ilikuwa sifuri, nukta, kisha tarakimu nyingi za kutosha namba ya kitambulisho. Lakini ukimsikia akisema "sisi wanahisa", utadhani kesho anaongoza mkutano mkuu.

Basi kwa kuwa nalazimishwa kusikiliza, nikaamua kuijua hiyo kampuni yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1993 na watu watatu waliopanga mambo yao wakiwa wamekaa kwenye mkahawa wa Denny's huko San Jose. Hapo nilipata tumaini kidogo, maana Migori nzima tunapanga makampuni tukiwa hotelini, chai moja saa tatu. Tofauti ni kwamba yao, Oktoba 2025, ilifika thamani ya dola trilioni 5. Yetu huishia pale mwenye hoteli anapoanza kufuta meza kwa hasira.

Nikazidi kusoma nikagundua jingine: mtengenezaji huyu maarufu wa chipu hana kiwanda cha kutengenezea chipu. Anachora. Kazi ya kuzitengeneza inafanywa hasa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Nilipomwambia shemeji alinitazama kwa huruma, akasema hiyo ndiyo akili.

Mkuu wa kampuni, Jensen Huang, hupanda jukwaani na koti jeusi la ngozi, joto lisijoto. Msemo wake mmoja unajulikana: kadiri unavyonunua zaidi ndivyo unavyookoa zaidi. Niliijaribu hesabu hiyo dukani kwa sukari ya Awendo. Nilinunua zaidi. Kilichookoka ni mifuko ya karatasi.

Lakini kioja chenyewe kilikuwa Januari 2025, Las Vegas. Alitangaza kadi mpya ya michezo ya kompyuta, RTX 5070, kwa dola 549, akasema uwezo wake ni ule wa RTX 4090. Hiyo 4090 ilipoingia sokoni mwaka 2022 iliuzwa dola 1,599. Watu wakapiga makofi. Shemeji akanitumia ujumbe saa nane usiku: "Tumewamaliza!" Sikujua tumemmaliza nani.

Aliyenifungua macho ni kijana wa saiba hapa mjini, mmoja wa wale vijana ambao ukimpelekea fomu ya KRA anaijaza bila kuacha kucheza gemu. Alisimamisha gemu, akaweka kidole kwenye kioo, akanifundisha pale pale. Picha inayosonga, mwalimu, ni picha nyingi zinazofuatana. Kadi ya zamani ilizikokotoa picha nyingi zaidi yenyewe. Hii mpya, ukiwasha ujanja wake wote, inakokotoa picha moja, kisha akili unde inabuni tatu zinazofuata. Ukihesabu zote kwa pamoja, namba inafika juu. Ukizima ujanja, kadi inarudi kwenye nguvu zake, na iko nyuma sana. Mkuu mwenyewe alisema jukwaani kwamba jambo hilo lisingewezekana bila akili unde. Aliyekuwa anapiga makofi hakusikia.

Mimi nikasema, kijana wangu, huo ujanja naujua vizuri. Ni gorogoro lililobonyezwa kitako. Mama anakupimia mahindi mpaka yanamwagika juu, unaona kwa macho yako limejaa, unashukuru. Ukifika nyumbani ndipo unagundua chini kulikuwa na kilima. Hajakudanganya, gorogoro lilijaa kweli. Ila hakukuambia lina ukubwa gani kwa ndani.

Na si mara ya kwanza kwa watu wa chipu kubonyeza kitako. Mwaka 2014 Nvidia iliuza kadi ya GTX 970 kwa jina la gigabaiti 4 za kumbukumbu. Wateja wakagundua nusu gigabaiti ya mwisho inajikokota. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwapa wanunuzi wa Marekani dola 30 kila mmoja. Washindani wao AMD nao walitangaza chipu ya "viini vinane" ambavyo wanunuzi walisema vilikuwa vinagawana vifaa viwili viwili. Mwaka 2019 wakakubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi. Hakuna aliyekiri kosa. Wakubwa hawakosi. Wao "humaliza kesi".

Yote hayo ni matatizo ya mnunuzi wa kadi. Mwenye hisa ana yake. Mwaka 2017 mauzo ya Nvidia ya kadi za michezo yalipanda kwa kishindo, na mtu mdogo mwenye hisa zake alitaka kujua jambo moja tu: wanaonunua ni wacheza gemu, ambao watarudi mwakani, au ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali, ambao wataondoka bei ikishuka? Kampuni haikueleza vya kutosha. Mei 2022 tume ya Marekani inayosimamia hisa ikaitoza dola milioni 5.5 kwa sababu hiyo. Kwa kampuni ile, hiyo ni pesa ya chai na mandazi. Na hapa pia hawakukiri wala hawakukana.

Hapo ndipo fununu inapopata kazi. Mwenye mali akinyamaza, mtu wa ndani anaongea.

Tarehe 3 Septemba 2024 hisa za Nvidia zilishuka kwa asilimia 9.5 kwa siku moja, dola bilioni 279 zikayeyuka. Jioni yake, soko likiwa limefungwa, ikatoka habari kwamba wizara ya sheria ya Marekani imeiandikia kampuni hati ya kuitaka itoe nyaraka. Kesho yake kampuni ikasema haijapokea hati yoyote. Umeona mpangilio huo? Kwanza bei ikaanguka, baadaye sababu ikafika, mwisho mwenyewe akakana. Na katikati ya hayo yote alikuwepo mtu wa Homa Bay, ameshika simu kwa mikono miwili, anauliza auze au ashikilie.

Siku ya DeepSeek nilikuwepo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025. Nilikuwa nimeenda kumsalimia dada yangu, na shemeji akasema twende tukale samaki. Msimu ule soko la New York lilikuwa linafunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu na kufungwa saa sita usiku, ndiyo maana siku hizi watu wa imani hii macho yao ni mekundu. Ngege akaletwa, ameiva vizuri, nyanya na vitunguu vimemfunika. Shemeji alikuwa ameegemeza simu kwenye kikombe cha maji. Alikuwa ameshakata tonge la ugali, amelibonyeza kwa kidole gumba, amelichovya kwenye mchuzi, na mkono uko nusu ya safari. Ukasimama hapo hapo. Mchuzi ukaanza kushuka kwenye kifundo cha mkono, ukaingia ndani ya shati.

"Shemeji, kula," nikamwambia.

"Wachina," akasema.

Kampuni hiyo ya DeepSeek, ya China, ilikuwa imetoa akili unde iliyodaiwa kufunzwa kwa gharama ndogo, na soko zima likajiuliza kama kweli dunia itahitaji chipu nyingi hivyo. Kufikia mwisho wa siku Nvidia ilikuwa imeshuka kwa asilimia 17, karibu dola bilioni 589. Hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imepoteza thamani kubwa hivyo kwa siku moja. Kwa shilingi zetu ni trilioni 76, zaidi ya mara kumi na saba ya bajeti yote ya Serikali ya Kenya kwa mwaka.

Shemeji alikuwa ameweka shilingi 5,000. Sehemu yake katika msiba huo ilikuwa kama shilingi 850. Lakini alivyokaa pale, ameshika tama, ungedhani trilioni zote 76 zilikuwa chini ya godoro lake. Kule mtandaoni walimu wake, waliokuwa wakimwambia jana "nunua", walikuwa kimya. Kesho yake wakarudi na sauti mpya: walikuwa wameliona hilo zamani. Bei ya hisa iliporudi juu miezi iliyofuata, walikuwa wameliona hilo pia. Ngege nilimla peke yangu, na bili nikalipa mimi, kwa kuwa shemeji alikuwa "kwenye hasara".

Vijana hudhani mambo haya yameanza na simu. Hapana. Sisi tulikuwa na fununu za kutembea kwa miguu. Mwaka 2008 Serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, kuanzia tarehe 28 Machi hadi 23 Aprili. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi. Chama cha ODM, ambacho huku kwetu hakihitaji kutambulishwa, kilitaka mauzo yasimamishwe kwanza, na watu walikuwa wakiuliza wenye Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa Guernsey na kuhusishwa na umiliki wa Safaricom, ni akina nani. Basi jioni tulikuwa tunakubaliana na chama. Asubuhi tulikuwa tunakutana kwenye foleni ya fomu, kila mtu anajifanya amekuja kulipa karo.

Fununu ya wakati huo ilikuwa moja: itafika shilingi 20 kabla ya Krismasi. Nani kasema? Mtu wa ndani, tayari alikuwa ameajiriwa. Watu waliuza ng'ombe, wakachukua mikopo ya ushirika, wengine wakavunja akiba ya karo. Haikuwa wazimu mtupu, kwa sababu miaka miwili nyuma hisa za KenGen ziliuzwa shilingi 11.90 na zikapanda zaidi ya mara mbili mara tu zilipoingia sokoni. Kila mtu alimjua jirani aliyeezeka mabati kwa KenGen.

Waombaji wakapita 800,000. Hisa hazikutosha, na sisi wadogo tukapewa asilimia 21 ya tulichoomba. Aliyeomba 2,000 alipata 420. Mimi ni wa 420. Tarehe 9 Juni zikaanza kuuzwa sokoni, zikapita shilingi 7, mji ukachangamka. Mwaka uliofuata zilikuwa chini ya shilingi 3. Mwenye ng'ombe hakuwa na ng'ombe, na mwenye mkopo alikuwa na mkopo wote.

Hizo 420 zangu ninazo. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa, maana yake shilingi 42 kabla ya kodi. La mwaka ulioishia Machi 2025 lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, yaani 504, na kodi ya asilimia 5 ikichukua chake. Bei yenyewe ilipita shilingi 40 mwaka 2021, ikaporomoka chini ya 15 mwaka 2023, kisha Desemba 2025 Serikali ikatangaza kuiuzia Vodacom asilimia 15 kwa shilingi 34 kila hisa. Kila hatua kati ya hizo ilitanguliwa na uvumi, na kila uvumi ulikuwa na mtu wa kuapa. Siku ya tangazo la 34, kinyozi wangu aliniambia kwa uhakika kwamba nami nitapokea 34 kwa zangu. Nilimweleza kwamba aliyeuza ni Serikali, mimi sijauza. Akaniacha na nusu kichwa, akaenda kumuuliza mtu wa ndani.

Fununu nzuri kuliko zote nimeipata kwenye matatu, baada ya Rongo, kabla hatujafika Rodi Kopany. Abiria mmoja mwenye mkoba wa nyaraka alisema kiwanda cha chipu kinakuja Homa Bay. Kwa nini Homa Bay? Mchanga! Si chipu hutengenezwa kwa mchanga? Na mchanga si tunao, malori yanausomba usiku na mchana? Kwa bahati nzuri alikuwa na viwanja karibu na machimbo, vichache, vinaisha.

Uzuri wa uongo huu ni kwamba umejengwa kwa matofali ya kweli. Silikoni hutoka kwenye mchanga wa kwazi. Nyeri kuna kiwanda kidogo cha mambo hayo ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Mei 2024, Rais Ruto akiwa Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika sekta ya chipu. Na mchanga ni jambo zito kweli: Septemba 2024 kimbunga Helene kilipofunga migodi ya kwazi safi ya Spruce Pine, North Carolina, wenye viwanda vya chipu duniani walishtuka, kwa maana kwazi ile ndiyo hutengenezewa vyungu vya kuyeyushia silikoni. Lakini kutoka hapo hadi kiwanja cha futi hamsini kwa mia cha yule bwana, pamekosekana daraja. Mama mmoja aliyekuwa na debe la omena miguuni ndiye aliyemmaliza. "Jaduong'," akamuuliza, "wewe umebakisha viwanja vingapi vya watoto wako?" Jaduong' akashuka kituo kilichofuata. Tikiti yake ilikuwa ya mpaka Homa Bay.

Swali la yule mama lina thamani kuliko vitabu vya mauzo ninavyotumiwa, ambavyo vyote ni Kiingereza cha mawakili, kurasa mia na zaidi, na mbele kuna picha za watu wanaotabasamu. Mtu wa Ndhiwa au Uriri anayetoa pesa yake ya miwa anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa kampuni inauza nini, inamuuzia nani na inadaiwa kiasi gani. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inaweza kulazimisha kurasa tano tu za Kiswahili, na mtu wa ndani angekosa kazi nusu ya mwaka. Wao wanasubiri nini, mimi sijui.

Kwa sasa tujisaidie wenyewe. Anayekuletea habari ya hisa, muulize amenunua ngapi, lini na kwa shilingi ngapi, na akuonyeshe. Kampuni ikikuambia kitu chake kipya kina nguvu mara mbili, uliza ujanja ukizimwa kinabaki na nini. Na karo ya mtoto isiguswe, hata kama mtu wa ndani ni ndugu yako wa tumbo moja.

Tena ujue hili. Mwezi ule ule wa Machi 2008 tulipokuwa tunapanga foleni, kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi, na maelfu ya wateja wakabaki wakitafuta haki yao. Dalali akianguka na pesa zako, mfuko wa fidia wa wawekezaji hulipa hadi shilingi 50,000, hata kama ulikuwa na milioni. Ukianguka kwa fununu hulipwi chochote.